Libanga, Neema ya Nyumba Zetu

Katika mema yote ambayo muziki wa Kongo umeitendea dunia, hakuna lililotukanwa kama libanga. Wasomi wenye miwani na wazee wa kanisa husema hadharani kwamba kutaja majina ya watu ndani ya wimbo kwa malipo ni kero, ni ulafi, ni kuuza muziki rejareja. Kisha watu haohao, wakiwa peke yao, hutega sikio redioni gitaa linapoanza kuchachamaa, moyo ukiwadunda, wakingoja kama safari hii huenda zamu yao imefika. Nimefundisha muziki katika shule za sekondari za Masisi na za Walikale, huku Kivu, kwa muda wa kutosha kuwafahamu. Sijakutana bado na mtu asiye na kiu hii. Nimekutana na wasio na pesa tu.

Msomaji wa Dar es Salaam au wa Mombasa, ambaye amezicheza nyimbo zetu miaka nenda miaka rudi bila kujua Kilingala, huenda alidhani kwamba yale maneno yanayomwagika katika seben, pale gitaa linapochachamaa, ni mashairi. Si mashairi. Ni watu. Ni waziri, ni jenerali, ni mama mwenye duka la vitenge Kinshasa, ni kijana aliyerudi na almasi kutoka Lunda ya Angola, ni msusi wa mtaa wa Matonge huko Brussels. Kila mmoja na jina lake, na lakabu yake, na mji wake, na pengine jina la mkewe na aina ya gari lake. Kila mmoja amelipa: kwa dola, kwa nguo, kwa tiketi ya ndege, kwa godoro wanamuziki walipokwama ugenini. Huko ndiko kutupa libanga. Wimbo uliotungwa vizuri hubeba wakazi wengi kuliko mtaa, na ndani yake, tofauti na mtaani, hakuna anayedaiwa kodi.

Wapo wanaodai kwamba libanga ni uchafu wa juzi, ulioletwa na vijana wa bendi ya Wenge Musica na wenzao walipoishiwa la kuimba. Hawa hawajui historia, na kwa wadhifa wangu imenibidi kuwasomesha. Mwaka 1960, wajumbe wa Kongo walipokuwa Brussels kwenye Mkutano wa Meza ya Duara wakidai uhuru, Joseph Kabasele na African Jazz yake walikuwa kulekule wakiwatumbuiza, na huko ndiko ulikozaliwa wimbo "Indépendance Cha Cha". Sehemu kubwa ya wimbo ule ni orodha: Kasavubu, Lumumba, Tshombe, Kalonji, Bolikango na wengineo, vyama vyao vikifuatana nao; na Kabasele, kwa busara ya msanii aliyekamilika, hakusahau kuitaja na bendi yake mwenyewe. Kabla mwaka haujageuka sawasawa, Katanga ilikuwa imejitenga chini ya Tshombe, Kasai ya Kusini imejitenga chini ya Kalonji, na Januari 1961 Lumumba akauawa. Lakini ndani ya wimbo mabwana wale wangali wamekaa benchi moja, bega kwa bega, na hakuna anayemwekea mwenzake kisu. Ni mkataba gani mwingine wa nchi yetu umedumu zaidi ya miaka 60? Kasoro ya wimbo ule ni moja tu: sijaona popote stakabadhi za malipo.

Mwanamuziki Franco naye hakuhitaji kusukumwa. Mwaka 1973 aliwaimbia wauzaji wa magari ya Volkswagen wimbo "Azda", mtamu kiasi kwamba watu wasioweza kununua hata baiskeli waliuimba wakitembea kwa miguu. Mwaka 1984 akatoa "Candidat na biso Mobutu", kwa ajili ya uchaguzi uliokuwa na mgombea mmoja. Watu wa kulalamika husema huo haukuwa muziki, ulikuwa woga. Mimi nauona kuwa kilele cha unadhifu: mgombea mmoja, jina moja, hakuna hatari ya mwimbaji kuchanganya. Mwaka uliofuata, kwa bahati mbaya, Franco huyohuyo akatoa "Mario", wimbo mrefu juu ya kijana anayekula jasho la mwanamke aliyemzidi umri. Mario hakulipa hata senti, na matokeo yake amesemwa vibaya tangu mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo hatari ya kuingia katika wimbo bure.

Tusisahau pia kwamba mwaka 1972 serikali iliwaamuru Wazaire, ndio Wakongo wa leo, waache majina ya Kikristo na kuchukua ya mababu. Mwimbaji Rochereau akawa Tabu Ley, Franco akawa Luambo Makiadi, na nchi nzima ikaanza kuitana upya. Mtu aliyepewa jina jipya akiwa mtu mzima hana budi kulisikia likitamkwa mara kwa mara, tena kwa sauti kubwa, la sivyo yeye mwenyewe atalisahau. Nadhani kiu yetu ilikomazwa hapo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bendi ya Zaïko Langa Langa ikamleta atalaku, mtu ambaye kazi yake si kuimba bali kupaza sauti, mkononi akitikisa kopo tupu la dawa ya mbu mithili ya kayamba. Wageni huliona kopo lile wakacheka. Sisi wa Walikale, ambako mbu hawahesabiki, hatucheki. Tunaelewa kwamba chombo kimeacha kazi ndogo kikashika kazi kubwa. Ni kweli kwamba tangu enzi hizo sehemu ya kuimba imekuwa ikifupika na sehemu ya kutaja ikirefuka, lakini hapo mtunzi amepunguziwa mzigo ambao hakuna aliyewahi kumhurumia nao. Kutafuta vina humkeshesha mtu. Kusoma orodha hakuchoshi, na orodha ikiwa ndefu ni baraka juu ya baraka.

Naambiwa kwamba Unguja na Tanga, kwenye taarabu, mtu akiguswa na wimbo huinuka kwa madaha, akaenda kumtunza mwimbaji, akarudi kitini kwake. Ni desturi njema iliyoachwa nusu. Noti imetoka, jina halijatoka! Wimbo unakwenda zake kama ulivyokuja, na kesho hakuna ushahidi wowote kwamba aliyetoa alikuwapo.

Hata hivyo sitakubali sifa zote ziende Kinshasa na pwani. Wanyanga wa misitu ya Walikale walikuwa na libanga kabla ya spika. Mwaka 1956 Mbelgiji mmoja, Daniel Biebuyck, alimsikiliza mtambaji aitwaye Rureke akiimba, akicheza na kusimulia utenzi wa Mwindo kwa siku 12, na mwaka 1969 kitabu kikatoka. Wasomi wa ng'ambo wameandika mengi juu ya imani na koo zilizomo ndani yake. Mimi, kwa jicho la kitaaluma, naona jambo jepesi zaidi: Mwindo ni shujaa anayejitupia libanga mwenyewe. Baba yake, Shemwindo, chifu wa Tubondo, hakutaka mtoto wa kiume. Wake zake wote saba walikuwa wameagizwa kuzaa mabinti tu. Mwindo akazaliwa hata hivyo, akitembea na kusema, mgwisho mkononi. Baba akamrushia mkuki, ukakosa. Akamzika, akafukuka. Mwisho akamfungia ndani ya ngoma, ikatoswa majini. Mtoto mwingine angelia. Mwindo aliimba, na katika kuimba kwake hakuacha kujitaja, hadi ngoma ikasafiri kumfikisha kwa shangazi yake Iyangura. Hapo tumepata mafunzo mawili ya malezi ambayo hayapatikani katika kitabu chochote cha ualimu: kwamba mtu anayejitaja ndani ya ngoma hazami, na kwamba baba akimkataa mtoto, muziki utamtafutia shangazi.

Wapinzani wangu hupenda kunikumbusha mwisho wa hadithi. Mwindo alijisifu kupita kiasi, akaliua joka Kirimu, na Nkuba, mwenye radi, rafiki wa joka lile, akamnyakua akampeleka juu mbinguni, akakaa huko mwaka mzima akipigwa na baridi, mvua na jua, hana wa kumsifu. Wao wanaona adhabu. Mimi naona ziara. Mwanamuziki yeyote wa Kongo aliyewahi kupelekwa Ulaya bila makaratasi kamili atakuambia kwamba hali ya hewa ni hiyohiyo.

Darasani nilichelewa kuyatambua haya kwa sababu nilisomeshwa kizamani. Nilikuwa nikiwafundisha vijana "Masanga" ya Jean Bosco Mwenda, ile ambayo mtafiti Hugh Tracey aliirekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952: gitaa moja kavu linalofanya kazi ya watu watatu, besi ikitembea huku, nyuzi nyembamba zikijibizana kule, na wala hakuna anayemkanyaga mwenzake. Vijana walisikiliza kwa huruma. Mmoja akainua mkono akauliza kwa adabu, "Mwalimu, huyu baba hakuwa na rafiki hata mmoja?" Ndani ya wimbo ule kweli hakuna waziri, hakuna jenerali, hakuna hata muuza sabuni. Tangu hapo nafundisha mapigo kwa majina ya wafadhili. Wanafunzi wangu hawawezi tena kupanda ngazi ya do hadi do bila kuteleza, lakini wanataja wafadhili wa albamu nzima kwa mpangilio wake, kwa pumzi moja, na faida yake kwa mapafu haina mfano.

Lakini matunda matamu zaidi ya libanga yako nyumbani, na hapo naomba nitulie.

Shemeji yangu mmoja hununua madini Rubaya na kuyashusha Goma. Ni mtu wa watu, mwenye watoto wengi na nyumba ya mbao iliyokuwa ikingoja mabati. Mwaka mmoja bei ilipokuwa nzuri, familia iliketi kikao. Mama mkwe wake alitaka mabati. Dada yangu, ambaye ndiye mkewe, alitaka minervali, yaani karo ya watoto, ilipwe kabla ya mitihani. Shemeji aliwasikiliza wote kwa heshima, bila kumkatiza mtu, kisha akauza ng'ombe wawili wa maziwa, wale ambao jibini yao ilikuwa ikishuka Sake kila wiki, akampelekea fedha mwimbaji mmoja mjini. Wimbo ukatoka. Jina lake lilikuwamo. Lilitajwa mara moja, mbali sana ndani ya seben, mahali hasa ambapo mpiga ngoma alikuwa ameamua kuonyesha uwezo wake wote, kwa hiyo ilibidi ukoo mzima uitwe kuthibitisha.

Sijawahi kuona mkusanyiko wa namna ile kwa ajili ya mgonjwa, wala kwa matanga. Wajomba walitoka Nyabiondo, shangazi akatoka Kitchanga, na watu wasiosemezana tangu ugomvi wa mpaka wa shamba waligusanisha vichwa juu ya simu moja, wakirudisha wimbo nyuma hadi moto wa simu ukaisha. Wengine walisema ni yeye. Wengine walisema ni kikohozi. Mzee mmoja, mwenye masikio mazuri kuliko wote, alisema anasikia jina la mtu wa Bukavu. Usiku ule hakuna aliyezungumzia shamba. Na kwa kuwa jina la shemeji ni la kawaida mno, kiasi kwamba kila kijiji kati ya Sake na Masisi-mjini kina watu kadhaa wenye jina hilo, wote walisherehekea, kila mmoja kwa ndugu zake na pombe yake ya kasiksi. Mmoja alilipa, wengi wakatajwa, na hakuna aliyetakiwa kurudisha kitu. Hiyo ndiyo njia pekee ya kugawana utajiri wa madini ambayo nimeiona ikifanya kazi kwa macho yangu.

Mke wangu, ambaye ni mtu wa hesabu, hakuridhika. "Baba watoto," akaniambia, "ng'ombe alikuwa akitoa maziwa kila siku. Jina limetoka mara moja." Nikamweleza kwa upole kwamba maziwa huchacha.

Nyumba ya shemeji ingali inavuja, na Masisi hatuna upungufu wa mvua. Lakini mvua ikianza usiku watoto huhamishia magodoro yao upande mkavu, ambao ndio wenye redio, na huko ndiko walikoukariri wimbo neno kwa neno. Muda wanao. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019. Sekondari bado wazazi hulipa, na asiyelipa hurudishwa nyumbani hadi baba apate. Walimu wenzangu wataniunga mkono kwamba mtoto aliyerudishwa nyumbani ndiye anayejua mabanga yote bila kukosea. Mdogo wao amepewa jina la mwimbaji yule, lote kwa ukamilifu, pamoja na lakabu zake za jukwaani, hivi kwamba mwalimu wa darasa la kwanza akiita majina asubuhi hulazimika kuvuta pumzi katikati. Na kwa kuwa sisi wa sekondari huongezewa mshahara kwa michango ya wazazi, nimejikuta nimechangia mabanga ya wilaya mbili kwa fedha ambazo hazikunifikia, wala sijatajwa hata mara moja. Silalamiki. Naona fahari kwamba ukarimu wangu umekuwa wa siri kiasi hicho.

Libanga husafisha na ndoa. Mfanyabiashara mmoja wa upande wetu alikuwa akienda Walikale mara kwa mara kufuata madini ya kasiteriti, na zile ndege ndogo za Kilambo zilizokuwa zikitua katikati ya barabara zilikuwa zimemzoea kama abiria wa basi. Mkewe alibaki Masisi akilea. Yeye, kwa mapenzi, akalipia libanga la watu wawili: jina lake, na jina la mama wa watoto wake. Mwimbaji aliitimiza kazi kwa uaminifu mkubwa, ila mama wa watoto aliyetajwa alikuwa ni yule wa Njingala, kule Walikale. Mke wa Masisi aliusikia wimbo ndani ya gari la abiria, mbele ya akina mama wa kanisa lake. Jambo ambalo baraza la wazee lingelichunguza kwa miezi, likila mbuzi wa pande zote mbili, seben ililimaliza kabla gari halijafika Mushaki. Leo mama yule anajua idadi kamili ya watoto wa mumewe, pamoja na umri wao. Ni ndoa ngapi zisizo na muziki zinazoweza kujivunia uwazi wa kiwango hicho?

Msidhani neema hii ni ya wenye madini tu. Katika kila harusi yetu kuna kijana mwenye kinanda na kipaza sauti ambaye kwa bei ya chupa moja ya bia ya Primus atakuita mheshimiwa, kwa chupa mbili atakuita rais, na kwa tatu atakufananisha na mtu wa Agano la Kale. Katika harusi ya mpwa wangu kazi ilianza saa tisa mchana. Fufu ikapoa, sombe ikaganda, nyanya aliyetoka mbali kutoa baraka akapewa kipaza sauti akanyang'anywa, maana alianza kutaja wafu, na wafu hawatoi. Baba wa bwana harusi, aliyelipia hema, viti na kinanda chenyewe, ilimbidi alipe tena ili asisahaulike. Hata hivyo giza lilipoingia hakuna aliyekuwa hajatajwa isipokuwa bibi harusi, ambaye gauni lake halikuwa na mfuko. Kanisani nako hufanyika vilevile, ila huitwa shukrani.

Ningependa pia wachumi wajue kwamba wamekaa juu ya hazina, maana libanga hupanda na kushuka pamoja na bei ya madini. Bei ya koltani ilipopaa mwishoni mwa mwaka 2000, vijana waliokuwa wakichunga ng'ombe juzi walianza kuitwa marais katika kila harusi. Ilipoanguka mwaka 2001, marais walirudi kuwa vijana. Rais Kabila aliposimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, hali ilikuwa ya kusikitisha: yule kijana wa kinanda, kwa kukosa wa kumtaja, alilazimika kuimba nyimbo nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, na ndipo tulipogundua kwamba hajui maneno.

Siku hizi kijana huyo anaandika orodha yake kwa penseli. Aprili 2024 waasi wa M23 waliishika Rubaya. Machi 2025 wakaingia Walikale-mjini, na wiki chache baadaye wakaondoka. Wako wanaomwita kigeugeu. Naona hawajaelewa adabu. Kila anayeingia mjini na bunduki hutajwa kwa heshima ileile aliyopewa aliyetoka jana, kwa sauti ileile, kwa bei ileile, na mdundo haupotei hata kidogo katikati ya ufutio na jina jipya. Katika mambo yote ya serikali yaliyowahi kufanyika huku kwetu, sijaona makabidhiano laini kuliko hayo. Walioondoka na magodoro kichwani kuelekea Goma hawatajwi, kwa sababu ya kiufundi tu: libanga ni la aliyepo kulisikia.

Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo, kwa ombi la Kinshasa na Brazzaville, katika orodha ya urithi wa binadamu. Nilifurahi kama mwalimu, nikahuzunika kama mpenda haki. Urithi wa binadamu! Binadamu wote kwa jumla, jina moja la fungu, na hakuna aliyetoa hata dola.

Ndiyo maana nimeanza kurekebisha mambo pale mkono wangu unapofika. Kwa ajili ya sherehe ya kutangaza matokeo, proklamasio ya mwaka huu, nimetunga wimbo wa shule wenye beti tatu na seben ndefu. Ubeti wa kwanza umechukuliwa na mama mkwe, ambaye ametoa mbuzi kwa sharti kwamba shangazi yangu wa Kitchanga asitajwe popote. Ubeti wa pili umechukuliwa na shangazi huyo, kwa mbuzi wawili. Kiitikio, kilichokuwa kikiwahimiza vijana kupenda masomo, nimekiondoa baada ya kupima na kuona kwamba kilikuwa kimekalia nafasi ya watu kumi na wanane. Ubeti wa tatu unazungumzwa kati ya wanunuzi wawili wa madini, na atakayeshindwa nitampa mwanzo wa seben, kabla mpiga ngoma hajapata nguvu. Malipo hupokelewa kabla ya mazoezi, kwa dola au kwa jibini, na fedha hazirudishwi mtu akipoteza cheo katikati ya muhula. Mwanafunzi atakayekuwa wa kwanza darasani naye atatajwa, muda ukiruhusu.